Siku Moja Innsbruck: Dhahabu, Kaburi Tupu na Mtengeneza Kofia

(Mazungumzo yaliyotolewa katika kusanyiko la maadhimisho ya ushirika wetu wa nchi jirani)

Wachungaji, wazee wa makanisa, akina mama, vijana, na ninyi wapendwa mliovuka ziwa na mto kutoka Kongo na Burundi kuja kusherehekea nasi hapa Kigoma, amani iwe kwenu.

Kamati ya maadhimisho imenipa dakika chache nizungumze juu ya kumbukumbu. Yaani, watu wanaofikisha umri kama wetu wakumbuke nini, na wakumbuke kwa njia gani. Nitajibu kwa kuwasimulia safari. Mwaka jana, mwezi wa sita, nilimsindikiza mama yetu mzazi kwenda Ujerumani, katika mji wa Munich, ambako dada yangu anafanya kazi ya uuguzi. Jumamosi moja tukapanda treni kwenda kutembea Innsbruck, mji wa Austria ulio katikati ya milima ya Alpi, tukarudi jioni ileile. Tulikuwa sita: mama, dada, shemeji yangu ambaye ni Mrundi, wapwa zangu wawili, na mimi. Siku ile moja ilinifundisha juu ya kumbukumbu kuliko semina nyingi nilizokaa.

Treni na mpaka usioonekana

Sisi wa Kigoma treni tunaijua. Reli yetu ilijengwa na Wajerumani, ikafika hapa mwaka 1914, na kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Mtu akipanda treni yetu anaaga kama anahamia. Sasa kutoka Munich mpaka Innsbruck ni chini ya saa mbili. Hata hivyo dada alifungasha chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, kwa sababu, alisema, kuwalisha watu sita hotelini kule ni sawa na kuuza shamba.

Tuliondoka kama saa tatu na nusu asubuhi. Mwanzo ni tambarare, mashamba na ng'ombe. Halafu milima inakuja pande zote mbili, na treni inafuata bonde la mto unaoitwa Inn. Mama alikaa dirishani na mkoba wake mapajani, pasipoti ameishika mkononi. Baada ya muda akauliza, "Mpaka uko wapi?" Shemeji akamjibu, "Mama, tumeshaupita. Ni pale kwenye ngome iliyokuwa juu ya mwamba, Kufstein." Mama akageuka akatazama nyuma kama mtu aliyeangusha kitu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote. Akairudisha pasipoti mkobani taratibu, na nilimwona anamtazama shemeji. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Treni yenyewe haiishii Innsbruck. Inaendelea kupanda hadi Brenner, mita 1,370 juu ya usawa wa bahari, kisha inashuka kuingia Italia. Ndiyo njia ya zamani ya wafanyabiashara, majeshi na wakimbizi wa Ulaya. Jina Innsbruck maana yake ni daraja la mto Inn. Na hapa niwashangaze kidogo: mji wenyewe uko kwenye mita 574 tu. Ziwa letu Tanganyika liko juu zaidi ya mita 770. Kwa hiyo aliyesimama ufukweni hapa Kigoma yuko juu kuliko aliyesimama katikati ya mji ule. Milima ndiyo inayomfanya mtu ajione yuko juu.

Paa la dhahabu

Kutoka stesheni tulitembea kwa miguu, maana mji wa kale hauko mbali. Katika barabara kubwa ipo nguzo ndefu ya mawe iliyojengwa mwaka 1706. Inakumbusha kwamba mwaka 1703 majeshi ya Bavaria yaliingia eneo lile na wenyeji wakayafukuza. Bavaria ndiko Munich iliko, ndiko tulikotoka asubuhi! Chini ya nguzo ile tulikuta watu wa Bavaria wenyewe wamekaa na watoto wao wanakula aiskrimu, hawana habari. Nikasema moyoni, Bwana, siku moja na sisi majirani wa huku vita vyetu viwe hivi, nguzo ya mawe na watoto wanakula aiskrimu.

Mbele kidogo unafika kwenye jambo ambalo watalii wote hulifuata: Paa la Dhahabu. Ni kibaraza kidogo kilichotokeza mbele ya nyumba, na juu yake kuna vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu. Kilikamilika mwaka 1500, na mwenyewe ni Kaisari Maximilian wa Kwanza. Alitaka mahali pa kukaa yeye na wakubwa wenzake watazame michezo uwanjani, na watu wa chini wamtazame yeye. Jua likipiga pale, wapendwa, panawaka kweli. Kila mtu alikuwa ameinua simu.

Lakini sikieni habari ya pili ya mtu huyohuyo. Mwaka 1518, karibu na mwisho wa maisha yake, alifika Innsbruck na msafara wake, na wenye nyumba za wageni wakakataa kuwapokea kwa sababu ya madeni ya nyuma ambayo hayakuwa yamelipwa. Dhahabu iko juu ya paa, na mwenye paa hana pa kulala. Miezi michache baadaye, Januari 1519, akafa katika mji mwingine uitwao Wels.

Kaburi lisilo na mtu

Maximilian alikuwa anaogopa sana kusahauliwa. Miaka mingi kabla ya kufa aliagiza atengenezewe kaburi ambalo halijawahi kuonekana. Tulikwenda kuliona, liko ndani ya kanisa linaloitwa Hofkirche, mwendo wa dakika chache kutoka lile paa. Ukiingia unakuta kaburi kubwa la marumaru katikati, na juu yake sanamu ya Kaisari amepiga magoti. Kulia na kushoto zimesimama sanamu 28 za shaba nyeusi, ndefu kuliko mtu, wanaume na wanawake, za ndugu zake na za wafalme aliotaka kuhesabiwa pamoja nao. Mpango ulikuwa sanamu 40, hazikufika. Kazi ilianza mwaka 1502 na ilikamilika mwaka 1584. Zaidi ya miaka 80! Kanisa lenyewe lilijengwa na mjukuu wake, Ferdinand, ili kuliweka kaburi hilo.

Na ndani ya kaburi? Hamna mtu. Maximilian alizikwa mbali, Wiener Neustadt, mji aliozaliwa. Kaburi lile ni tupu tangu siku lilipojengwa.

Mpwa wangu mdogo, wa miaka saba, alilizunguka mara mbili akitafuta mlango. Mama alisimama na mikono nyuma, akasema, "Hao wote wanamlinda nani?"

Lakini kanisani mle yupo mtu aliyezikwa kweli. Ni Andreas Hofer, aliyewaongoza wananchi wa Tyrol kupigana na majeshi ya Bavaria na Ufaransa mwaka 1809. Alikamatwa, akapigwa risasi huko Mantua mwaka 1810, na mwaka 1823 mabaki yake yakaletwa Innsbruck. Kazi yake alikuwa nani? Mwenye nyumba ya wageni! Wenye nyumba za wageni walimkatalia Kaisari mahali pa kulala, na leo katika kanisa la Kaisari amelala mwenye nyumba ya wageni. Mungu wetu ana namna yake.

Sasa ndipo niliposikia neno ambalo sijalisahau. Shemeji yangu alikuwa amekaa kimya kwenye benchi. Nikakaa karibu naye. Akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ana kaburi, hana mwili. Baba yangu ana mwili, hana kaburi." Mama alisikia. Hakumpa pole, maana pole alikwisha kumpa miaka mingi iliyopita. Alimuuliza jambo moja tu: "Watoto wanalijua jina lake?" Shemeji hakujibu.

Mtengeneza kofia

Tulirudi tena pale kwenye Paa la Dhahabu ili mama anywe maji. Maji ya Innsbruck hutoka kwenye chemchemi za mlima uleule unaouona juu ya mji, na huhitaji kununua chupa. Dada akamwambia binti yake wa miaka kumi na mmoja, "Msomee bibi kile kibao." Kipo kibao cha kumbukumbu pale, watu wengi wanakipita kwa sababu macho yao yako juu kwenye dhahabu. Binti huyu Kijerumani ndiyo lugha yake ya shule, Kiswahili chake kinachechemea. Akasoma, akaanza kumfasiria bibi yake neno kwa neno: "Bibi, hapa walichoma mtu. Anaitwa Jakob Hutter. Mwaka 1536." Bibi akauliza, "Aliiba?" Mtoto akasema, "Hapana. Mama anasema ni kwa sababu ya ubatizo."

Wapendwa, nilisimama pale miguu ikawa mizito. Habari za mtu huyu niliwahi kuzisikia kwa ufupi chuo cha Biblia, sikujua ni mahali gani. Jakob Hutter alikuwa mtengeneza kofia. Alikuwa kiongozi wa wale waliofundisha kwamba mtu abatizwe akiwa ameamini mwenyewe, na kwamba waamini washiriki mali zao kama kanisa la kwanza kule Yerusalemu. Serikali iliwawinda. Aliwapeleka watu wake makundi kwa makundi wavuke kwenda Moravia, kwa njia za porini, wakilala nyumba za watu. Mwishoni mwa 1535 akakamatwa, akaletwa Innsbruck, akateswa, asiwataje wenzake. Tarehe 25 Februari 1536 akachomwa moto hadharani mbele ya paa lile la dhahabu. Na mtawala wa wakati ule alikuwa nani? Ferdinand, yuleyule mjukuu aliyemjengea babu yake kanisa la kaburi tupu.

Hutter hakuachiwa kaburi. Lakini watu wake walibaki. Walifukuzwa Moravia, wakapita Hungaria, Transilvania, wakafika nchi ambayo leo ni Ukraine, na katika miaka ya 1870 wakavuka bahari kwenda Amerika. Leo wapo makumi ya maelfu, Kanada na Marekani, wanalima pamoja, wanaitwa kwa jina la yule mtengeneza kofia, na bado nyumbani wanaongea Kijerumani chao cha zamani. Wamevuka mipaka mingapi? Wamezika watu njiani wangapi? Na jina halikupotea, kwa sababu kila mzazi alimwambia mtoto wake: sisi ni nani, tumetoka wapi, nani alitupokea.

Kijiji alichozaliwa Hutter leo kiko Italia. Hakuhama yeye, mpaka ndio uliohama. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa mkataba wa mwaka 1919, Tyrol ilikatwa vipande viwili pale Brenner, ndugu wakawa raia wa nchi mbili. Na mwaka huohuo 1919, Waingereza na Wabelgiji walikaa mezani wakagawana nchi zetu hizi: Tanganyika huku, Ruanda-Urundi kule. Waha na Warundi, watu wanaosikilizana lugha bila mkalimani, wakaamka wana mpaka katikati. Kule kwenye Brenner, tangu mwaka 1998 vizuizi vya barabarani viliondolewa. Sisi bado tunapanga foleni, lakini leo mmefika, Bwana asifiwe.

Juu mlimani

Mchana tulipanda mlima, maana watoto walishaahidiwa. Unaanza na treni ndogo inayovutwa kwa kamba ya chuma, inavuka mto na kupanda mteremko. Halafu unaingia kwenye kibanda kinachoning'inia kwenye waya, hadi mahali paitwapo Seegrube, mita 1,905. Nauli yake si ya mchezo, lakini shemeji alisema mama hatakuja mara mbili. Mama alifumba macho njia nzima akiomba. Juu tulikuta mabaka ya theluji kwenye vivuli, ingawa ilikuwa mwezi wa sita. Akaishika, akainusa, akasema, "Kumbe haina harufu."

Kutoka pale unauona mji wote kama uko kwenye kiganja. Ng'ambo ya bonde kuna mnara wa Bergisel, wanakorukia wachezaji wa skii. Mji huu uliandaa Olimpiki za majira ya baridi mwaka 1964 na 1976. Mnara wa sasa, wa mwaka 2002, na stesheni za ile treni ndogo, za mwaka 2007, vyote vilichorwa na mwanamke mmoja, Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, Iraq. Fahari ya mji wa Alpi imechorwa na mgeni. Na mchezaji akiwa juu ya mnara ule, tayari kuruka, mbele yake chini anaona makaburi ya mji. Shemeji alinionyesha. Nikamwambia, "Hapo mhubiri hahitajiki." Tukacheka wote, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu tulipotoka kwenye lile kaburi tupu.

Ndani ya treni jioni

Tulirudi jioni, watoto wamechoka. Tulipoingia Ujerumani, polisi walipanda kukagua vitambulisho. Walikuwa vijana, na walikuwa na adabu. Waliangalia kadi ya shemeji, wakamrudishia, wakasema asante. Yote haikufika dakika moja. Lakini niliona mikono yake. Ana hati zote, anafanya kazi, analipa kodi, na mikono ilikuwa inatetemeka. Binti yake naye aliiona. Akauliza, "Baba, kwa nini unaogopa?"

Ameniruhusu niwasimulie aliyojibu. Aliwaambia watoto wake, mara ya kwanza, kwa Kiswahili ili bibi naye asikie. Kwamba Oktoba 1993 alikuwa na miaka tisa. Kwamba walitembea usiku, wakilala mchana migombani. Kwamba baba yake hakufika. Alifia njiani, wakamzika upesi chini ya mti, na leo hakuna anayeweza kuuonyesha mti huo. Kwamba kwenye mto Malagarasi mvuvi mmoja aliwavusha kwa mtumbwi bila kudai hela, na upande wa pili mama mmoja Muha aliwapikia uji, akawalaza ndani kwake wiki nzima. Kisha akawatajia jina la babu yao. Jina hilo sitalitaja hapa, ni la familia. Yule mdogo alilirudia mara tatu ili asilisahau, akalala kwenye mapaja ya bibi. Binti mkubwa akachukua ile karatasi iliyofungia chapati, akaomba kalamu, akaliandika. Mama yangu akasema, "Sasa ana kaburi."

Basi tufanye nini?

Ndugu zangu, ushirika wetu huu ulianzia kwenye nyumba kama ya yule mama wa uji. Hakuna asiyejua. Wenyeji walifungua milango, wageni wakaingia na nyimbo zao, wakaanza kuomba pamoja. Sasa tunaadhimisha, na nimesikia pendekezo la kujenga mnara wa mawe wenye majina ya viongozi. Wengine wanautaka, wengine wanasema hela iende kwenye mabati ya makanisa, na maneno yamekuwa makali kidogo kwenye vikao.

Mimi sipingi mnara. Yoshua naye alisimamisha mawe kumi na mawili kutoka Yordani. Lakini angalieni sababu yake: alitaka watoto waulize, na wazazi wawe na la kujibu. Jiwe lilikuwa la kuanzishia mazungumzo tu. Ukiwa na sanamu 28 za shaba na hamna wa kusimulia, una kanisa zuri lenye kaburi tupu. Ukiwa na kibao kidogo ukutani, na mtoto mmoja anayekisoma kwa kubabaisha, na bibi mmoja anayeuliza, mtu aliyechomwa mwaka 1536 anasimama tena mbele yako.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kabla ya kununua saruji, tununue madaftari. Kila kanisa, Tanzania, Burundi na Kongo, vijana wawafuate wazee mmoja mmoja. Andikeni nani alipokea, nani alivusha kwa mtumbwi, nani alizikwa njiani na wapi kwa makadirio. Msiandike wachungaji peke yao. Waandikeni wavuvi, akina mama wa uji, mafundi, watengeneza kofia. Rekodini sauti kwa simu, kwa Kiswahili, Kiha, Kirundi, Kibembe, vyovyote mzee anavyosema vizuri. Wapelekeeni na watoto wetu walioko Ulaya na Amerika. Na fanyeni mwaka huu. Wazee walioketi mstari huu wa mbele tunawapenda, lakini wenyewe wanajua hatutakuwa nao wote kwenye sherehe ijayo.

Madaftari yakijaa, jengeni mnara wenu, nami nitabeba mawe.

Bwana awabariki sana. Amina.